Siku Tulipobadilisha Sanduku la Redio

Sikumwamini yule fundi tangu nilipomwona akipanda ngazi amekumbatia sanduku lililofungwa kwa gazeti. Kitu kipya hakifungwi kwa gazeti. Kitu kipya huja kwenye katoni yake, pamoja na kile kikaratasi cha maelezo ambacho hakuna anayekisoma. Chake kilikuwa gazeti na kamba ya katani, na pembe moja ilichungulia nje ikiwa imebanduka rangi.

"Shikamoo," nikamwambia, maana alikuwa mtu mzima sana, na heshima haimzuii mtu kuwa macho.

"Marahaba, binti. Hilo sanduku bovu liko wapi?"

Nikamwonyesha mezani, kisha nikavuta kiti changu nikakaa karibu kabisa na mkono wake. Akanitazama juu ya miwani yake. Nikamwambia asijali, nitakaa hapo hapo mpaka amalize.

Nieleze kwanza kazi yangu. Nilikuwa opereta wa redio katika kampuni ya malori ya mizigo. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Msimbazi, juu ya duka la vitenge, mahali ambapo ukifungua dirisha unaletewa kelele zote za Kariakoo na harufu ya vitunguu. Redio yenyewe, lile dude zito la chuma linalotoa joto, haikukaa kwangu. Ilikaa kwenye kijumba cha juu ya paa, karibu na mlingoti wa antena. Mezani kwangu kulikuwa na sanduku la kuiendeshea tu. Lilikuwa na spika mbele, kitasa cha sauti, kipaza sauti kilichoinama kama shingo ya bata, na chini yake kibonyezo kirefu cha bati. Nyaya mbili nyembamba kama za simu zilitoka nyuma yake zikapanda ukuta wa ngazi hadi juu. Ukibonyeza, unasema wewe, na kila lori lenye redio linakusikia. Ukiachia, wanasema wao. Palikuwa pia na kitaa chekundu cha kukuonyesha kuwa uko hewani, lakini kiliungua kabla sijaajiriwa, na hakuna aliyekisikitikia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu aliporuhusiwa kufanya biashara. Mtu aliyekuwa jana amepanga foleni ya sabuni, leo alikuwa na duka la sabuni, na kesho yake anataka lori la kuipeleka Tabora. Kampuni za malori zilichipuka kila kona. Upande wa pili wa Msimbazi, ukitoka kwetu unavuka tu barabara, wakafungua wenzetu nao, na malori yao yalikuwa yamepakwa rangi mpya kabisa, jambo ambalo lilinikera mno. Zamani mteja alikuwa anatubembeleza sisi. Sasa tulimbembeleza yeye, na tukichelewa nusu saa tunakuta mzigo umepakiwa na wengine. Mimi nilizaliwa na jicho la wasiwasi, mama yangu alikuwa akisema nilinyonya huku nimekodoa macho, na miaka ile ilinipa sababu. Niliona kila mtu anamchungulia mwenzake.

Mwenye kampuni tulimwita Ami. Familia yao ya asili ya Kiarabu ilikuwa Kariakoo tangu enzi za babu zake, na mtaa mzima ulimwita Ami, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya kutangazia. Hakujua kunong'ona. Kila asubuhi sisi watatu, yeye, mimi na karani wa mizigo, tulikaa chumbani kwangu tukapanga siku: mteja nani amepiga simu, mzigo uko ghala gani, lori lipi liende. Kisha karani aliteremka kwenda Buguruni, kwenye uwanja tulipoegesha malori, kusimamia upakiaji.

Huyo karani nilimwita kaka, naye aliniita dada, na haikuwa ya mdomoni tu. Mkewe alipopata uchungu wa mtoto wa kwanza, yeye yuko Morogoro na mzigo, mimi ndiye niliyemtafutia gari na kukaa naye hadi mtoto akalia. Baada ya arobaini, mke yule aliniletea kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, chenye pindo la mawimbi mawimbi. Alisema ni cha kufunikia redio yangu ya nyumbani. Nyumbani sikuwa na redio, nilikuwa na hii ya kazini, basi nikaitandikia hiyo. Kila Jumamosi nilikipeleka nyumbani, nikakifua, nikakitia wanga wa muhogo mzito, nikakinyoosha kwa pasi ya mkaa hadi kikasimama chenyewe. Jumatatu asubuhi nakirudisha juu ya sanduku, pindo likining'inia mbele kidogo, juu ya kibonyezo. Wageni waliokuja ofisini walikisifu. Ami mwenyewe alisema ofisi imekuwa kama sebule ya bibi harusi.

Siri zetu zikaanza kutoka. Jumatatu moja mteja wa mabati alipiga simu anataka malori mawili. Tukapanga, karani akateremka, na malori yetu yalipofika ghalani yakakuta ya wenzetu yanafunga turubai. Jumatatu iliyofuata ikawa mbegu za pamba. Tena Jumanne moja ikawa mafuta ya kula. Mteja alijitetea kwamba alifuatwa na dalali ambaye alijua kila kitu, hadi idadi ya mapipa, akadhani ametumwa na sisi.

Ami alivimba. Mimi nikaanza kuchunguza, na niseme kweli, nilichunguza kwa raha. Niligundua kwamba mambo haya hutokea Jumatatu na Jumanne. Ikifika Jumatano mpaka Ijumaa, shwari. Nikajiuliza, nani ana jambo analolifanya Jumatatu tu? Nikapata jibu ndani ya siku moja. Karani kila Jumatatu mchana hakula na sisi. Alikwenda Feri, kwenye soko la samaki, na karatasi za upakiaji alizoniletea jioni zilinukia samaki wa kukaanga. Mtu anatoka Buguruni anakwenda mpaka Feri, kisa samaki? Buguruni hakuna samaki? Halafu nikaviona viatu vyake. Vyeusi, vya ngozi, vinang'aa. Mwezi mmoja nyuma alikuwa na vingine vya kahawia.

Jumatatu moja ya mvua ndogo ndogo, Ami aliingia akiwa amepoteza mzigo wa saruji wa mteja aliyekuwa naye miaka mingi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti yake ile, "Mwanangu, nani ananiuza?"

Ningeweza kusema sijui. Sikujua kitu, nilikuwa na harufu ya samaki na jozi ya viatu. Lakini nilikuwa nimesubiri kuulizwa swali hilo, na nilipoulizwa nilijisikia mtu muhimu.

"Ami, mimi sitaki kumsema mtu," nikasema. "Lakini jiulize karani wako kila Jumatatu anakula wapi, na anakula na nani. Mshahara ni ule ule, viatu kila mwezi vipya. Mwenye macho haambiwi."

Nikaongeza na mengine. Nilisema mtu mpole kupita kiasi ana lake jambo. Nilisema hata mkewe siku hizi hanitembelei. Chumba kilikuwa kimya, hata madereva siku ile hawakuita, nikakumbuka baadaye kwamba nilifurahia ule utulivu.

Ami akaniambia nimwite. Nikabonyeza, nikasema karani apande ofisini haraka. Nikaachia kusubiri jibu, kimya. Nikalipiga sanduku kofi la pembeni kama nilivyozoea, kitambaa kikateleza, na sauti ya dereva ikaja mara moja, "Ameshaondoka, dada. Anakuja huko."

Alifika amelowa. Ami alimwuliza habari za Feri, akajibu kuwa ni mambo ya kifamilia. Akamwuliza habari za dalali, akasema hana biashara naye. Hakupandisha sauti, hakuapa, hakumwita Mungu shahidi, na mimi nilijua kabisa mtu msafi huapa. Ami akamwambia akae nyumbani kwanza mpaka tutakapoelewa. Karani akatoa funguo za uwanja mfukoni akaziweka mezani, karibu na sanduku. Akalitazama sanduku, akanitazama mimi, akacheka kidogo kwa pua. Kisha akateremka.

Kile kicheko nilikichukulia kama kukiri. Usiku ule nililala vizuri, na jambo hili ndilo linaloniuma zaidi ya mengine yote.

Wiki iliyofuata siri ikatoka tena. Mtu mwenye akili za kawaida angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilisema ameacha mwenzake. Nikaanza kumpima muuza kahawa kwa macho, akipanda na birika lake namfunga mdomo Ami kwa ishara. Nikamtilia shaka dada wa usafi, nikamkataza kufuta vumbi nikiwa sipo. Nilishuku hata simu. Na hapo madereva nao wakazidisha malalamiko yao ya siku nyingi, kwamba mwanzo wa wiki wakiita kituo hawapati kitu, kituo kimeziba hewa. Ami akachoka. Akasema sanduku lenyewe ni la enzi za shirika la umma, tulilirithi na jengo, litupwe. Akamwita fundi.

Sasa narudi pale nilipoanzia. Fundi huyu alikuwa Mhindu mwenye kibanda cha kutengeneza redio huko Kisutu, miaka na miaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa. Nilikuwa nimemfanyia uchunguzi. Nilijua kwamba ndiye aliyefunga redio za wenzetu wa upande wa pili wa barabara. Sasa mtu wa namna hiyo anakuja kwetu, siku ya Jumatatu, na sanduku la mtumba ndani ya gazeti. Kama mimi ningetaka kuweka sikio katika ofisi ya mtu, ningefanya nini? Ningefanya hivyo hivyo. Ndiyo maana nilivuta kiti.

"Hili umelitoa wapi?" nikamwuliza alipofungua gazeti.

"Dubai."

"Dubai wanauza vilivyobanduka?"

"Dubai wanauza kila kitu, binti." Akaligeuza anionyeshe mgongo wake. "Lilikuwa kwenye ofisi ya bandari ya watu. Limetumika, lakini zima. Kitaa chake kinawaka, ona."

Nilimwambia afungue nione ndani. Nisingejua sikio likoje hata lingenikonyeza, lakini nilitaka aone kuwa naangalia. Akafungua bila kununa. Nikaona nyaya, nikatikisa kichwa kama mtu anayeridhika kwa shida.

Kabla ya kukata nyaya za sanduku la zamani, alitoa kipimo chake, kijisanduku chenye mshale na ncha mbili, akakigusisha kwenye zile nyaya mbili. Akakunja uso. Akanitazama mikono.

"Umebonyeza?"

"Mikono yangu hii hapa," nikamwonyesha yote miwili.

"Mshale unasema kuna mtu amebonyeza."

Nilijua! Nikasema kwa sauti kwamba hayo ndiyo niliyoyasema siku zote, kuna mtu ameingilia nyaya zetu, pengine pale ngazini, pengine kwenye duka la vitenge. Fundi alikuwa ameinama anachungulia mbele ya sanduku, shavu lake karibu liguse meza. Akanyoosha vidole viwili, akainua pindo la kitambaa changu.

Mshale ukaanguka.

Akakirudisha kitambaa kama kilivyokuwa, akalisukuma pindo kidogo kwa kidole. Ilikuwa Jumatatu, kimetoka kwenye wanga, kigumu kama kadibodi. Wimbi moja la pindo likaingia kwenye upenyo wa juu ya kibonyezo, likakiegemeza chini, kidogo sana, kwa jicho huoni. Mshale ukapanda.

Akainua. Ukashuka. Akarudisha. Ukapanda. Alifanya hivyo mara nne, tano, na kila mara alinitazama.

"Nani ameweka hiki?"

"Mimi," nikasema.

"Unakitia wanga?"

"Kila Jumamosi."

"Na kinalegea lini?"

Nikafikiri. Joto la Dar na unyevu wake haviachi kitu kikavu. Jumatano kitambaa huwa kimeshalala, kimejikunja kando ya sanduku kama kila kitambaa. Nikamwambia Jumatano.

"Sanduku lako halina ugonjwa," akasema huku akikunja kitambaa mara nne kwa adabu na kuniwekea mapajani. "Lakini bosi wako kaniagiza nibadilishe, mimi nabadilisha. Na hilo jipya lina taa. Mambo ya vitambaa hayanihusu. Sikuitwa kwa ajili ya vitambaa."

Akafanya kazi yake. Alikata, akaunganisha, akapanda juu ya paa, akaniambia niseme moja, mbili, tatu kwa sauti ya kawaida huku yeye akirekebisha kwa bisibisi. Nilisema moja, mbili, tatu, na nilipobonyeza kitaa chekundu kiliwaka, nikaachia kikazimika. Alipoondoka aliniacha na lile la zamani ndani ya gazeti lake. Ami alikuwa msikitini kwa sala ya adhuhuri. Nilikuwa peke yangu, na nilielewa vizuri kwamba nikinyamaza hakuna mtu duniani atakayejua. Fundi alikuwa ameshasema hayamhusu. Siri zingekoma kutoka, Ami angesema aliyekuwa akituuza ni sanduku bovu au ni karani, na mimi ningebaki na jina langu zuri. Nililiwaza hilo. Nisijifanye malaika, nililiwaza kwa muda mrefu.

Mwishowe nikabonyeza nikamwita dereva mmoja mkongwe aliyekuwa uwanjani Buguruni. Nikamwuliza ananipataje.

"Safi kama maji, dada!" akajibu. "Sasa redio imetulia. Ila ndiyo kusema mchezo umekwisha?"

"Mchezo gani?"

"Mchezo wa redio. Wa Jumatatu." Nikasikia wengine wakicheka nyuma yake. "Si mlikuwa mnatufungulia tunasikiliza? Sisi tulijua ni makusudi, ili tusikie Ami anavyotusema tukae sawa. Watu wanasogeza ndoo wanakaa, hata dalali wa wenzetu huja na kahawa yake kabisa, anaegemea tairi."

Nikaachia kibonyezo. Kitaa kikazimika. Nilikumbuka mambo mengi kwa mara moja, lakini la kwanza lilikuwa mvua ndogo ndogo ya siku ile, na karani akiwa amelowa, na dereva kusema ameshaondoka kabla hata sijamwita vizuri.

Ami aliporudi nilimweleza nikiwa nimesimama. Sikupamba. Nilichukua sanduku la zamani na kitambaa nikamwonyesha wimbi linavyoingia. Akalisukuma pindo mwenyewe kwa kidole. Kisha akaniuliza, polepole, "Na yale niliyosema kuhusu shemeji yangu wa Tanga, nayo yalikwenda?"

"Ilikuwa Jumatatu, Ami?"

"Jumatatu."

"Basi yalikwenda."

Akajipiga paji la uso. Angeweza kunifukuza na nisingelalamika. Alichosema ni kwamba funguo za uwanja ziko kwenye droo ya meza yake, nizichukue, nimpelekee karani nyumbani kwake Buguruni mimi mwenyewe, leo, kabla jua halijazama, na nisitume mtu.

Nilikwenda na kitambaa kwenye mkoba pamoja na funguo. Waliishi chumba kimoja na ukumbi mdogo nyuma ya gereji ya magari. Mkewe alikuwa barazani anachambua mchele, mtoto amelala juu ya khanga pembeni yake. Aliponiona hakusimama. Alinikaribisha kwa maneno yote yanayotakiwa, hujambo, karibu, habari za kazi, na hakuna hata moja lililokuwa na joto.

Nilikuwa nimejipangia maneno njiani. Nilifikiri nikianza na kitambaa ataelewa haraka, basi nikakitoa kwenye mkoba.

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. "Hata kitambaa umekirudisha?" akasema. Macho yakamjaa pale pale. "Mume wangu umemharibia, sawa. Na zawadi yangu nayo unanitupia? Nilikukosea nini mimi?"

Nikasema hapana, hapana, si hivyo, nikapiga magoti pale kwenye saruji, mtu mzima mimi, nikaanza kueleza wanga na kibonyezo na mshale, yote kwa pamoja, na sidhani kama alielewa hata nusu. Karani akatokea mlangoni amevaa msuli. Alikuwa amesikia. Alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo hukujua kama redio iko wazi," akasema.

"Wallahi sikujua."

"Mimi nilikuwa nimeegemea lori siku ile." Alizungumza taratibu, kama anayesoma karatasi ya mizigo. "Mvua inanyesha, sisi wote tumejibana ubavuni mwa lori, madereva, matingo, na yule dalali. Nikakusikia unasema: Mimi sitaki kumsema mtu. Lakini jiulize karani wako kila Jumatatu anakula wapi, na anakula na nani. Mshahara ni ule ule, viatu kila mwezi vipya. Mwenye macho haambiwi. Wote wakanitazama miguu."

Hakukosea hata neno.

"Nilidhani umebonyeza makusudi," akasema. "Opereta hawezi kukosa kujua kama yuko hewani. Nikasema, dada ameamua kunivua nguo mbele ya watu wote, sasa nitajitetea nini? Ndiyo maana niliweka funguo."

Mkewe akaniambia, bila kunitazama, kwamba mama yake anakaanga samaki Feri, na Jumatatu ni siku ambayo msaidizi wake hapatikani, mumewe humbebea maji na mkaa. Viatu vyeusi ni vile vile vya kahawia. Alivipaka rangi kwa sababu vilikuwa vimechujuka. Nilitaka ardhi inimeze. Nililia, na hakuna aliyeninyamazisha, na sikustahili.

Karani alirudi kazini kesho yake. Ami alimwomba radhi mbele ya madereva wote, kwa sauti yake, bila redio. Mkewe alikubali nibaki na kitambaa, nami nikakitandika nyumbani juu ya jagi la maji, bila wanga. Dalali wa wenzetu alikuja uwanjani wiki mbili zaidi na kahawa yake, akaegemea tairi, hakusikia kitu, akaacha kuja.

Na kila asubuhi, kwa miaka tuliyofanya kazi pamoja, karani aliingia chumbani kwangu, akasimama mbele ya sanduku, akakitazama kile kitaa chekundu. Akiona kimezimika ndipo anasema, "Habari za asubuhi, dada." Kikiwa kinawaka anasubiri nimalize na madereva, kisha anakitazama tena, kisha ananisalimia. Mara ya kwanza ilinichoma. Baadaye nikazoea, hata nikawa namtania, namwambia kaka, kimezimika, sema. Nilijiambia ameogopa mashine, ni haki yake, hata mimi naiogopa.

Masika ya mwaka uliofuata maji yalipenya paani yakateremka na nyaya, sanduku likakoroma na kunyamaza. Fundi wa Kisutu akaja akalichukua kwenda nalo kibandani kwake. Asubuhi ile meza yangu ilikuwa tupu. Palikuwa na alama ya mraba tu kwenye vumbi, na zile nyaya mbili zimefungwa fundo ukutani.

Karani akaingia na orodha ya mizigo mkononi. Nilikuwa na hamu ya kuongea, maana bila redio chumba kilikuwa kipweke. Akatazama mahali palipokuwa na sanduku, akaona hakuna kitu. Nikatabasamu nikisubiri aseme. Akanitazama mimi, kwa muda ule ule aliozoea kukitazama kitaa. Kisha akaiweka orodha juu ya meza, akaigeuza uso chini, na akateremka ngazi bila kusema neno.